Ngazi Iliyopakwa Rangi

Mimi ni mshona viatu, si mhubiri, lakini kuna jambo moja la dini linalonichefua tangu zamani: watu kumsingizia Shetani. Mtu kamtukana mama mkwe wake, Shetani. Kafumaniwa na mke wa jirani, Shetani. Kasinzia ibadani mpaka kakoroma, Shetani huyo huyo. Simtetei, alaaniwe hapo hapo alipo. Ila huwa najiuliza anapata wapi nafasi ya kutenda dhambi zake mwenyewe, maana zetu zote tumemtwisha yeye.

Nayasema haya kwa sababu ya jirani yangu wa kazini, seremala tuliyemwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa. Kibanda changu na karakana yake vilitenganishwa na mabati tu. Mimi nikigonga soli huku, yeye anapiga randa kule, na mazungumzo yanaendelea bila kuonana. Jina lake alilipata kwa haki. Ukiweka yai juu ya meza aliyoitengeneza, yai linatulia. Alikuwa mzee wa kanisa letu, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kusoma Maandiko ambayo hata watoto wachanga waliiheshimu. Kilema chake kilikuwa hicho cha kumsingizia Shetani. Akimfokea mkewe asubuhi, mchana atamwambia, "Nisamehe, mama, Shetani alinipitia." Mkewe, mwanamke mrefu ambaye maneno yake ni ya kuhesabu, alimjibu siku moja nikisikia: "Huyo mpita njia wako tumjengee chumba kabisa, maana hakosi kupita."

Tulicheka, mimi upande wangu na wao upande wao. Enzi hizo kulikuwa na cha kuchekea.

Sasa, seremala huyu alikuwa na sheria moja ya kazi ambayo hakuivunja kwa ajili ya mtu yeyote: ngazi ya mbao haipakwi rangi. Ipake mafuta ukitaka, lakini rangi hapana. Wateja walikuja wakitaka ngazi ya kijani ilingane na geti, akawaambia waende kwingine. "Rangi inaficha ufa," aliwafundisha. "Anayepanda ngazi ameiwekea dhamana shingo yake. Aione mbao ilivyo, aamue mwenyewe." Alilisema hilo mara nyingi hata mimi, nisiyejua msumeno unashikwa wapi, ningeweza kuwafundisha wengine.

Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi rangi. Huyu tulimwita Rangi Mbili. Zamani za ulevi wake aliwahi kuanza ukuta wa zahanati kwa rangi ya maziwa, akaenda kunywa, akarudi akaumalizia kwa kijani, na akaapa kwamba ndivyo alivyoagizwa. Alikunywa mpaka dada yake akachoka kumwokota mitaroni. Kisha akaokoka, akaacha. Hakuacha kwa mdomo tu, aliacha mpaka mikono ikaacha kutetemeka na mistari yake ukutani ikanyooka. Watu hawakumwamini upesi. Walipopeana naye mkono walivuta pumzi kwa ujanja, wakimnusa. Naye alilijua hilo, basi akawa na desturi ya kukusalimia kwa karibu kabisa, uso kwa uso, akisema "Bwana asifiwe" kwa pumzi ndefu, ili unuse uridhike uende zako. Nilimpenda sana kwa hilo.

Dari ya kanisa ilikuwa imejaa madoa ya mvua. Jumapili moja Rangi Mbili akasimama, akasema, "Nimeharibu kuta nyingi za watu. Niachieni dari hii nimpakie Mungu bure." Makofi yakapigwa. Mchungaji akasema shida ni ngazi, hatuna inayofika. Hapo Pimamaji naye akasimama na suti yake ya kijivu: "Ngazi ni juu yangu. Jumapili ijayo itakuwa hapa mbele, mchungaji aiombee." Makofi yakazidi. Hakuna aliyempa tarehe. Alijipa mwenyewe, kwa sababu makofi ni matamu.

Yaliyofuata tuliyajua baadaye, aliposema kwa kinywa chake. Jumamosi ngazi ilikuwa imekwisha, imelazwa kwenye karakana, ndefu na nzuri. Akaipitishia randa mara ya mwisho ubavuni, na pale katikati, palipo na uzito wote wa mtu, randa ikafunua fundo jeusi. Akalibonyeza kwa kidole gumba, likacheza kama jino bovu. Alijua maana yake. Alitakiwa aifungue ngazi yote, atafute mbao nyingine, na kesho asimame mbele ya watu aseme haijawa tayari. Hayo tu, haijawa tayari. Mtoto wa shule huyasema kila siku, naye mzee mzima yakamshinda. Akalichokoa lile fundo kwa patasi, akaziba tundu kwa unga wa mbao na gundi, akapiga msasa. Likabaki duara jeusi linalomwangalia. Basi akafungua kopo la rangi ya bluu.

Harufu ilinifikia kupitia mabati. Nikauliza, "Pimamaji, leo unapaka nini huko?"

"Ngazi."

"Ngazi? Wewe?"

"Ni ya kanisa, ndugu yangu. Lazima ipendeze."

Kesho yake wanaume waliibeba mabegani, bluu ya kung'aa, wanakwaya wakiimba nyuma yake. Mchungaji akaiwekea mikono. Rangi Mbili akaikumbatia kama ndugu aliyerudi safari ndefu. Pimamaji alisimama kando akiitazama sakafu, nasi tukasema, tazama mtu mnyenyekevu.

Ilikuwa asubuhi, katikati ya wiki hiyo. Kanisa liko ng'ambo ya barabara kutoka vibandani kwetu. Tukasikia mlio wa mbao kukatika, kisha kishindo, kisha akina mama waliokuwa wakifagia wakipiga kelele. Pimamaji alinitangulia kwa mbali; alikimbia kama aliyekuwa akiusubiri mlio ule. Nilipoingia, Rangi Mbili alikuwa amelala katikati ya mabenchi, mguu umepinda usivyotakiwa kupinda, kichwa kinavuja damu, rangi nyeupe imetapakaa, na kopo la thina aliyokuwa akichanganyia rangi limemmwagikia kifuani. Ngazi imekatika vipande. Pimamaji alikuwa ameivuta shuka ya kukingia rangi, ameitupa juu ya ule ubavu wa ngazi uliovunjika. Watu walikuwa wanaingia. Akainama juu ya shemeji yake, akauliza kwa ile sauti yake ya kusomea Maandiko:

"Shemeji! Leo umekunywa nini?"

Hakusema kwamba amekunywa. Aliuliza tu. Lakini swali likishatolewa na mtu kama yule, jibu linakuja lenyewe. Kila pua ikainama, ikakutana na ile thina, ikapata ilichokuwa ikitafuta tangu zamani. Kabla majeruhi hajafikishwa hospitali, "ameanguka" ilikuwa imekuwa "amelewa". Kufikia jioni kulikuwa na waliomwona kilabuni alfajiri. Mtu hakosi mashahidi.

Ngazi Pimamaji aliikatakata siku ile ile, akaipeleka kwake iwe kuni.

Rangi Mbili alikaa hospitali muda mrefu, akarudi na mguu mmoja mfupi. Baraza la wazee likamwita. Akasema, "Sikunywa." Wakamuuliza anakumbuka nini. Akasema anakumbuka akipanda, na kisha anakumbuka dari ya hospitali. Mzee mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, kama hukumbuki, unajuaje kwamba hukunywa?" Nadhani hapo ndipo yule bwana alipokatika kweli, si kule kwenye ngazi. Wakapiga kura kumtenga na meza ya Bwana mpaka atubu. Pimamaji aliinua mkono na wenzake.

Kwa desturi ya kanisa letu aliyetengwa hukaa benchi la nyuma kabisa, na wakati wa Ushirika hutoka nje. Rangi Mbili alikubali, akakaa nyuma na magongo yake. Hakutusalimia tena kwa karibu. Alisalimia akiwa amegeuza uso pembeni, kinywa kimefungwa nusu.

Mke wa Pimamaji ndiye aliyegundua wa kwanza. Alikuwa akichemsha maji ya kuoga kwa zile kuni za bluu, moshi unanuka vibaya, mara kipande kimoja kikalia motoni na kidonge cha gundi kikaruka kutoka ndani yake. Mke wa seremala haambiwi kidonge cha gundi ni nini. Alikitoa kile kipande motoni, akakizima kwa maji, akamwekea mumewe mezani penye sahani yake.

"Shetani alinipitia," akasema mume.

"Shetani hajui kushika patasi," akasema mke. "Huyo unayemsema hajui hata gundi inakaa kopo gani. Na aliyevunjika mguu ni mdogo wangu, tumbo moja."

Mume akalia, akaomba asimwaibishe. Mke akamwambia hatasema neno kwa mtu. "Kinywa kilichouliza lile swali ndicho kitakacholijibu. Mimi nitangoja." Akaendelea kumpikia na kumfulia. Ila kile kipande cha mbao kilichoungua kilibaki mezani, na kila siku alikipangusa vumbi kama vile ni chombo cha nyumba.

Akangoja sana. Mimi sikujua lolote wakati huo, niliona tu randa inanyamaza upande wa pili saa nzima, kisha inaanza kwa hasira. Nilidhani ni uzee.

Huku nyuma Rangi Mbili akaanza kunywa. Safari hii hatukuhitaji pua. Alianguka barabarani mchana kweupe, mbele ya kanisa, na wale waliokuwa wakisema "tulijua" wakasema tena "tulijua". Hakuna kitu kinachompendeza binadamu kama kujua.

Wazee wakamtuma Pimamaji akamwonye, kwa kuwa ni shemeji. Alinipitia kibandani akaniomba twende pamoja. Nilikuwa nimemtengenezea Rangi Mbili kiatu chenye soli nene upande wa mguu mfupi, nikaona basi, nikampe. Tukamkuta ameketi kitandani. Chumba chake alikuwa ameanza kukipaka rangi, akaishia nusu ya ukuta, mahali mkono wa mtu aliyekaa unapoishia. Chupa ilikuwa chini, hakuificha. Alipomwona shemeji yake akajaribu kusimama kwa heshima, akashindwa.

"Karibu, shemeji. Afadhali umekuja. Nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Ngazi. Uliitengeneza kwa mikono yako, ikaombewa, nami nikaipanda nimelewa nikaivunja. Nimekuaibisha."

Pimamaji alikuwa bado mlangoni. "Nani kakwambia ulikuwa umelewa?"

"Si wewe?" Alisema bila ubaya wowote. "Wewe ndiye ulifika kwanza. Wengine ni waongo, lakini wewe, shemeji, huwezi kuuliza kitu bure. Mwanzoni nilibisha, sasa sibishi. Nilikunywa, halafu kichwa kikagonga nikasahau." Akapangusa macho kwa kiganja. "Nimetubu, unajua? Nimeitubu dhambi ile mpaka magoti yakachubuka. Haitoki. Zile nyingine zilitoka, nilisikia zikitoka, hii haitoki. Basi nikajiuliza, kama naweza kunywa na nisijue, naacha nini sasa? Naacha kitu nisichokiona?"

Nilipiga goti nikamvalisha kiatu ili nipate kazi ya kufanya. Nilipoinua kichwa, Pimamaji hakuwepo. Nilimkuta nje, ameshika ukuta.

Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, akaomba kusimama. Hakuvaa suti. Alikuja na nguo za kazi zenye vumbi la mbao, na mkononi kile kipande kilichoungua. Akaanza: "Ndugu zangu, siku ile Shetani ali..." Akakwama. Upande wa akina mama mkewe alikuwa amemkazia macho, hapepesi. Pimamaji akakiinua kile kipande juu, wote wakione.

"Hapana," akasema. "Shetani sikumwona karakanani. Nilikuwepo mimi."

Akasema yote, fundo, gundi, rangi, shuka, swali. Sauti ile haikuwepo. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeulizia njia. "Sikutaka kusema haijawa tayari. Ni hilo tu. Nilimvunja mwenzangu mguu kwa hilo, nikamvunja na jina."

Kisha bibi mmoja wa mbele akaanzisha wimbo wa toba, wengine wakaudaka, watu wakalia, mchungaji akashuka akamkumbatia. Mimi nililia pia, sikatai. Lakini kadiri wimbo ulivyonoga ndivyo nilivyokasirika. Kabla ya sala ya mwisho mtu yule alikuwa amesamehewa, na si kusamehewa tu, walikuwa wanamsifu kwa ushujaa wake. Mzee mmoja akauliza habari ya Rangi Mbili. Mchungaji, akionekana kuumia kweli, akasema ule utengo wa kwanza umefutwa leo hii, haukuwa haki. Ila ulevi wa sasa nao upo, watu wameuona, na taratibu ni taratibu. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Hakuja siku ile.

Pimamaji hakungoja kushikwa mikono mlangoni. Alitoka, mkewe nyuma yake, nami nikawafuata.

Tulimkuta ameamka, amelewa kiasi, anajaribu kufunga kamba za kiatu. Pimamaji akapiga magoti pale sakafuni, mtu mzima mwenye mvi, akamwambia. Alimwambia polepole, na kumwonyesha tundu kwenye kile kipande. Rangi Mbili alilitia kidole, akakizungusha.

"Kwa hiyo sikunywa?"

"Hukunywa, shemeji."

"Siku ile. Kule juu. Nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima kabisa. Ngazi ndiyo ilikuwa mbovu, nami nilijua."

Alimgeukia dada yake, dada akaitikia kwa kichwa. Uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeitwa kwa jina lake. "Kumbe nilikuwa nimeshinda," akasema. "Kumbe nilikuwa nimeshaishinda hii kitu." Kisha akaiona chupa miguuni pake, akaitazama muda mrefu, na ule uso ukajifunga. Dada yake akaichukua akaenda kuimwaga nje. Hakumzuia. Alijilaza akageukia ukutani, akalala na kiatu changu mguuni.

Wahubiri wakisimulia habari hii, na wameisimulia, huishia pale kwenye wimbo. Mimi naishia kwingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na Rangi Mbili hajaacha kunywa. Kuna wiki anajitahidi, kuna wiki hatumpati. Kichwa kile kiligongwa, na pombe imekula kilichobaki, mambo hayakai humo; ukimwambia leo, kesho amesahau. Kila Jumapili Pimamaji humpitia kabla ya ibada, na mara nyingine huwa naenda naye kuangalia soli. Mchungaji amemwambia Pimamaji zaidi ya mara moja arudi mezani kwa Bwana, amekwisha kusamehewa. Yeye hujibu kwamba anajua, anashukuru, na huenda kukaa benchi la nyuma.

Jumapili iliyopita tuliingia, mgonjwa akamkaribisha kwa heshima ile ile, akajaribu kusimama. Kisha akashusha sauti, kama anayemuuliza mtu mmoja tu anayemwamini duniani.

"Shemeji, wewe ndiye ulifika kwanza. Niambie ukweli, sitakasirika. Siku ile nilikuwa nimekunywa?"

Pimamaji akavua kofia, akapiga magoti mahali pale pale, akaanza tena kutoka mwanzo.